Starehe Juu ya Jasho

Binadamu hupenda kupumzika mahali ambapo mwenziwe alichoka. Kivuli cha mwembe hufurahiwa na mtu ambaye hakuupanda. Maji ya kisima hunywewa na mtu ambaye hakukichimba. Na barabara hupitwa kwa wepesi na mtu ambaye hakushika sururu siku ilipokatwa. Jambo hilo si la ajabu, wala kwa lenyewe si la aibu. Kama kila mtu angelazimishwa kufurahia kile tu alichokitolea jasho lake mwenyewe, watoto wasingekuwa na haki ya kula chakula cha wazazi wao. Walakini ndani ya jambo hilo la kawaida limo swali zito. Mtu ana haki gani ya kustarehe mahali ambapo wengine walitaabika, na baadhi yao wakafa? Starehe yake ni mirathi ya halali, au ni usahaulifu uliovikwa nguo nzuri?

Swali la namna hii likijadiliwa hewani, jibu lake nalo huruka hewani. Afadhali lipewe mahali pa kusimama. Pako mahali panapofaa sana kwa kazi hiyo, nako ni katika Ujerumani ya magharibi, katika bonde la mto uitwao Ruhr.

Mto huo huanza kama kijito chembamba katika vilima vilivyo karibu na mji wa Winterberg, kiasi cha mita 670 juu ya usawa wa bahari. Huteremka kwa mwendo wa kilomita 219, ukipita misitu, malisho, vijiji na miji, mpaka unapoingia katika mto mkubwa wa Rhine huko Duisburg. Kando yake, tangu mwaka 2006, imefunguliwa njia ya baiskeli yenye urefu wa kilomita 240 hivi. Mtu asiye na haraka aweza kuimaliza kwa siku nne au tano. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni mteremko au tambarare, kwa hiyo hata mzee na mtoto waweza kuipita bila ya kuhema. Mwendesha baiskeli huona korongo amesimama kwa mguu mmoja katika maji ya kina kifupi. Huona ng'ombe malishoni, nyumba za kale zilizojengwa kwa mbao na udongo, na magofu ya ngome juu ya vilima. Akifika maeneo ya Bochum na Witten hukuta ziwa la Kemnade, na karibu na Essen hukuta ziwa la Baldeney lenye mashua za tanga. Jioni hufika kwenye nyumba ya wageni, hula, hulala, na kesho yake huendelea. Ni safari ya raha. Na wale waliotengeneza njia hiyo waliikusudia iwe ya raha.

Lakini nchi hiyo ina tumbo, na tumbo lake lilikwisha kupasuliwa. Chini ya malisho na miji hiyo zimo tabaka za makaa ya mawe. Upande wa kusini, karibu na mto, tabaka hizo hutokea juu ya ardhi. Upande wa kaskazini huzama zaidi na zaidi. Kwa hiyo watu wa kwanza walichokora makaa kando ya mto kwa majembe, kisha wakachimba mahandaki ya kuingia ubavuni mwa vilima. Karibu na Witten liko bonde dogo liitwalo Muttental, ambako vinywa vya mahandaki ya kale vingali vikionekana, na mgodi wa Nachtigall, uliofungwa mwaka 1892, sasa ni nyumba ya makumbusho. Kufikia mwaka 1780 mto ulikuwa umewekewa milango ya maji ili mashua za makaa zipite. Baadaye reli ikaja, na mashua zikakosa kazi. Mashine za mvuke zilipoweza kunyonya maji ya vilindini, migodi ilihamia kaskazini, ikashuka mpaka ikapita mita elfu moja chini ya ardhi. Makaa yaliwasha matanuri, matanuri yaliyeyusha chuma, na chuma kilifanywa reli, daraja, nyundo na mizinga. Watu waliletwa kutoka mbali kuja kufanya kazi hiyo: kwanza kutoka nchi za Wapoland na Masuria, na baada ya vita vya pili vya dunia kutoka Italia, Uturuki na kwingineko. Mwaka 1957 watu zaidi ya 600,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe ya Ujerumani ya Magharibi, na wengi wao walikuwa katika eneo hilo la Ruhr.

Mwaka uliofuata, 1958, makaa yakaanza kukosa wanunuzi, kwa sababu mafuta na makaa ya nchi za ng'ambo yalikuwa na bei nafuu zaidi. Tokea hapo migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine kwa miaka sitini. Mgodi wa Zollverein katika mji wa Essen ulifungwa tarehe 23 Desemba 1986, na mwaka 2001 ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Matanuri ya Hattingen, yaliyo hatua chache tu kutoka kwenye njia ya baiskeli, yalizimwa mwaka 1987. Hatimaye, tarehe 21 Desemba 2018, mgodi wa mwisho, ulio katika mji wa Bottrop, ulifungwa, na wachimbaji wakampa Rais wa nchi yao, Frank-Walter Steinmeier, kipande cha mwisho cha makaa. Mahali palipokuwa na kelele pakawa kimya. Reli za migodi ziling'olewa, na juu ya matuta yake zikapita baiskeli.

Sasa mshtaki na asimame aseme neno lake. Atasema kuwa starehe hii ni wizi. Kila hatua ya njia hiyo imelaliwa na taabu ya mtu. Vumbi la mawe liliingia katika mapafu ya wachimbaji, nao wakafa polepole, miaka mingi baada ya kuacha kazi, huku wakitafuta pumzi kama samaki aliyetupwa pwani. Wengine walifunikwa na mawe. Wengine waliunguzwa na hewa iliyoripuka. Wakati wa vita, maelfu kwa maelfu ya mateka na watu waliokamatwa katika nchi za mashariki walilazimishwa kufanya kazi katika migodi na viwanda hivyo. Mto wenyewe una kumbukumbu ya usiku mmoja wa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1943 ndege za Kiingereza zilivunja ukuta wa bwawa la Möhne, ambalo maji yake huingia katika mto Ruhr. Maji yakafurika bondeni gizani. Watu zaidi ya 1,200 wakafa, na wengi wao hawakuwa wenyeji, bali wafanyakazi wa kulazimishwa, miongoni mwao wanawake waliofungiwa katika kambi iliyokuwa Neheim, wasiweze kukimbia. Njia ya baiskeli hupita pale pale. Mshtaki atauliza: ni moyo gani huo unaoweza kula mkate na kupiga picha za maua mahali kama hapo?

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wako watu ambao uzuri ni pazia lao. Huona bomba lililopakwa rangi, hulisifu umbo lake, wala hawaulizi lilipitisha nini na lilimgharimu nani. Magofu yana hila. Yakikaa muda mrefu huota majani, na majani huwa na sura ya msamaha ambao hakuna aliyeuomba wala aliyeutoa. Kama starehe ni kusahau, basi mshtaki ameshinda.

Lakini na mtetezi apewe nafasi yake. Naye hana haja ya kutafuta ushahidi wake mbali, kwa kuwa wachimbaji wenyewe waliuacha. Mwezi wa Mei mwaka 1889 wachimbaji wapatao 90,000 wa eneo la Ruhr waliacha kazi. Waliomba nyongeza ya mshahara, na pamoja na hiyo waliomba jambo jingine lililokuwa na uzito sawasawa: zamu ya saa nane, na saa hizo zihesabiwe tangu kushuka mgodini mpaka kupanda juu. Watatu kati yao, Schröder, Bunte na Siegel, walikwenda mpaka mbele ya Kaisari Wilhelm wa Pili wakamweleza haja yao. Hawakupata yote waliyoyaomba. Mwaka 1905 wakagoma tena, safari hiyo wakiwa watu wapatao 200,000. Na kazi ya saa nane kwa siku haikuwa sheria katika Ujerumani mpaka mwaka 1918. Watu hao waligombania nini? Waligombania jua. Waligombania saa chache za kuwa juu ya ardhi, kukaa na watoto wao, kulima kijibustani, kufuga njiwa, kutembea kando ya mto. Salamu yao ya kazini ilikuwa "Glück auf", ambayo ni kutakiana heri, na wengi huielewa kuwa ni heri ya kupanda tena juu salama. Mtu aliyesalimia hivyo kila siku ya maisha yake hakudharau mwangaza wa mchana. Basi mjukuu wake anapopita bondeni kwa baiskeli, polepole, siku ya Jumapili, hamnyang'anyi babu yake kitu. Anatumia kile ambacho babu alikitaka na hakukipata kwa ukamilifu.

Hapo hoja ya mshtaki hudhoofika. Taabu haikuwa mwisho uliokusudiwa na wale walioipata. Hakuna mtu aliyekaa gizani ili kizazi chake nacho kikae gizani kwa kumheshimu. Kuifanya taabu kuwa kitu kitakatifu kisichoguswa na furaha ni kumtumikia yule aliyeifaidi, si yule aliyeivumilia. Mwenye mgodi alitaka mchimbaji achoke. Mchimbaji mwenyewe alitaka kupumzika. Mtu anayekataza mapumziko kwa jina la mchimbaji amesimama upande usiokuwa wa mchimbaji.

Hata chombo chenyewe kina jambo la kufundisha. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki baiskeli ni nadra kuwa chombo cha matembezi. Ni punda wa chuma. Hubeba magunia ya mkaa alfajiri, mikungu ya ndizi, madumu ya maji, mgonjwa anayepelekwa zahanati, na abiria katika mitaa ya Shinyanga. Jina la bodaboda lenyewe lilizaliwa juu ya baiskeli, katika mpaka wa Kenya na Uganda, kabla halijachukuliwa na pikipiki. Mtu aliyezoea kuona jasho juu ya usukani yaweza kumwia vigumu kuelewa mtu anayepanda baiskeli bila ya kwenda mahali popote. Hata hivyo, katika bonde la Ruhr pia baiskeli ilikuwa chombo cha kazi. Wafanyakazi waliiendesha gizani kwenda zamuni, na gizani walirudi. Magurudumu ni mawili yale yale, na minyororo ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mpandaji amekuwa bwana wa wakati wake. Tofauti kati ya adha na anasa mara nyingi haimo katika tendo, bali imo katika kujua ni nani anayemiliki saa.

Na mwendo wa baiskeli una insafu ambayo mwendo wa motokaa hauna. Motokaa hufuta nchi. Mtu huingia hapa, hutokea kule, na katikati hakuna kitu. Baiskeli husoma nchi neno kwa neno. Mpandaji hupata nafasi ya kuona jiwe lenye majina, kushuka, kusoma, na kunyamaza kitambo. Kwa hiyo ile hoja kwamba starehe ni kusahau haina lazima. Starehe ya haraka husahau. Starehe ya polepole yaweza kukumbuka, kama mwenyewe akitaka.

Je, kukumbuka kunatosha? Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito zaidi, maana mtetezi naye hana budi kuulizwa. Amesema kuwa starehe hiyo ni mirathi. Vema. Lakini katika sheria ya mirathi, kama ijulikanavyo na kila kadhi na kila mzee wa ukoo, mali ya marehemu haigawanywi kabla ya madeni yake kulipwa. Mrithi hana haki ya kuichukua nyumba na kumfungia mlango mdai. Basi na iulizwe: bonde hili lina deni?

Lina deni, na deni lenyewe haliishi. Makaa yalipotolewa, ardhi iliyokuwa juu yake ilishuka. Mahali pengine imeshuka zaidi ya mita ishirini. Mito na vijito vilipoteza mteremko wake, na mitaa mizima ya miji sasa iko chini kuliko maji yaliyo jirani yake. Kwa hiyo pampu hunyonya maji usiku na mchana na kuyapandisha mpaka mitoni; zikisimama, sehemu kubwa za miji zingegeuka maziwa. Pampu nyingine zimo katika mashimo ya migodi ya zamani, kuzuia maji ya chumvi ya vilindini yasipande mpaka yakachanganyika na maji ya kunywa. Hakuna siku iliyowekwa ambayo pampu hizo zitazimwa. Wajerumani wenyewe wameziita kazi hizo kazi za milele, na mwaka 2007 waliunda mfuko maalumu ambao, tangu mwaka 2019, baada ya migodi kufungwa, umebeba gharama zake. Makaa yalichimbwa kwa vizazi vichache. Maji yatapigwa pampu na vizazi visivyo na hesabu. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, na hapa mlaji alikwisha kufa, na ng'ombe anatolewa na wajukuu.

Katika jambo hili hekima hutenga vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, yaani hatia na dhima. Hatia hairithiwi. Kijana anayeendesha baiskeli leo hakumfungia mwanamke yeyote kambini, wala hakumpeleka mtoto wa mtu katika hewa yenye sumu. Kumtaka alie kwa kosa asilolitenda ni kumdhulumu, na machozi ya namna hiyo hayamfai aliyekufa. Lakini dhima hurithiwa pamoja na mali. Anayefaidi mteremko laini na maji safi anafaidi pampu. Na anayefaidi pampu amekwisha kuingia katika deni. Hadaiwi majuto. Anadaiwa malipo, na malipo hayo huanza kwa kukubali kwamba chini ya raha yake iko mashine inayofanya kazi, na kwamba mashine hiyo ina gharama.

Liko bonde jingine ambalo lafaa kuwekwa mbele ya hakimu, na pengine ndilo shahidi mkubwa kuliko yote. Kaskazini ya Ruhr, kwa mwendo wa karibu sambamba, hupita mto mwingine uitwao Emscher. Mito hiyo miwili ilikuwa majirani, lakini ilitendewa kama mtoto wa nyumbani na mtoto wa kambo. Eneo lilipojaa watu na viwanda, maji ya kunywa yalihitajiwa, na maji machafu yalihitaji mahali pa kwenda. Mwaka 1901 homa ya matumbo ilizuka Gelsenkirchen, ikawapata watu zaidi ya 3,000, na daktari mashuhuri Robert Koch akaletwa kuchunguza. Chanzo kikaonekana katika maji ya bomba. Uamuzi uliofuatwa ulikuwa wa akili, na ulikuwa wa ukatili. Mto Ruhr ulilindwa uwe wa kunywa. Mto Emscher ulifanywa mtaro wa taka. Mabomba ya chini hayakuweza kutumiwa, kwa sababu ardhi iliyokuwa ikididimia ingeyavunja; kwa hiyo uchafu wa watu na viwanda ulipitishwa wazi, katika mfereji uliosakafiwa kwa saruji na kuzungushiwa ua, ukinuka mbele ya nyumba za wafanyakazi kwa karibu miaka mia.

Hivyo uzuri wa bonde la Ruhr haukuwa zawadi ya maumbile peke yake. Ulinunuliwa, na bei yake ililipwa katika bonde jingine, na watu wengine. Korongo anayesimama katika maji safi ya kusini alikuwa na mwenziwe wa kaskazini ambaye hakuwa na mahali pa kusimama. Mtu angeweza kuendesha baiskeli kando ya Ruhr maisha yake yote, akakumbuka kila mchimbaji, akalipa kila pampu, na bado starehe yake ingekuwa na doa, maadamu uchafu wake ulikuwa unakwenda kwa jirani.

Kwa bahati njema sehemu hiyo ya kisa imebadilika. Tangu mwaka 1992 kazi kubwa ilifanywa ya kuutenga mto Emscher na maji machafu. Migodi ilikuwa imekwisha kuhamia kaskazini, ardhi ikatulia, na mabomba yakawezekana. Zaidi ya kilomita 400 za mabomba zililazwa chini ya ardhi, kwa gharama ipatayo yuro bilioni tano na nusu, na mwishoni mwa mwaka 2021 maji machafu yaliacha kuingia mtoni. Leo njia ya baiskeli hupita huko pia. Hilo ni jambo la heshima kubwa. Halikuwa huruma tupu wala mnara wa ukumbusho; lilikuwa deni lililolipwa kwa fedha, kwa miaka thelathini, kwa watu waliokaa karibu na harufu ile.

Lakini swali halikwisha hapo, bali limehama kama migodi ilivyohama. Ujerumani iliacha kuchimba makaa ya mawe magumu mwaka 2018. Haikuacha kuyachoma siku ile ile. Makaa yaliendelea kununuliwa kutoka Urusi, Marekani, Kolombia, Afrika ya Kusini na kwingineko. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoifanya Ulaya ikatae makaa ya Urusi, wanunuzi walitafuta mbali zaidi, hata Tanzania ikafikiwa. Makaa ya mkoa wa Ruvuma yalibebwa na malori kwa mamia ya kilomita mpaka bandari ya Mtwara, yakapakiwa melini, na baadhi ya shehena hizo zikaelekea Ulaya. Vumbi halikufa, lilibadilisha anwani. Kila bonde zuri laweza kuwa na Emscher yake, na katika zama hizi Emscher hiyo yaweza kuwa nyuma ya bahari tatu, mahali ambapo mwendesha baiskeli hasikii harufu yake.

Mtu aweza kujibu kwa kusema kwamba biashara hiyo huwapa watu kazi na serikali kodi, na kwamba nchi maskini haina anasa ya kukataa fedha. Jibu hilo lina ukweli wake. Mchimbaji wa Ruhr naye alipata mshahara, na wengi walisafiri kutoka mbali kuufuata. Hakuna aliyepaswa kumcheka kwa hilo. Walakini historia ya bonde lile inaonyesha kitu gani mshahara haukukilipia: haukulipia mapafu, haukulipia ardhi iliyoshuka, haukulipia maji ya karne zijazo. Mambo hayo yalipata mlipaji kwa sababu yalitokea katika nchi ambayo baadaye ilikuwa na uwezo na nia ya kuyalipa. Bonde linalochimbwa leo katika nchi isiyo na uwezo huo litamdai nani siku mgodi ukifungwa? Ikiwa makaa yanasafiri lakini deni halisafiri pamoja nayo, basi kilichofanyika ni kuhamisha taabu na kubaki na mandhari, wala hakiwezi kuitwa biashara ya haki.

Itasemwa pia kwamba mpandaji mmoja wa baiskeli hana uwezo juu ya mambo makubwa kama hayo. Ni kweli kwamba hana uwezo wote. Lakini hana haki ya kudai kwamba hana uwezo wowote. Yeye ni raia, ni mnunuzi, ni mlipa kodi, na ni mtu mwenye ulimi. Wale wachimbaji watatu waliosimama mbele ya Kaisari walikuwa na uwezo mdogo kuliko yeye, nao hawakunyamaza. Tena yeye ana kitu ambacho wao walikipungukiwa sana, yaani wakati. Mapumziko ni wakati ambao haujadaiwa na mtu. Na wakati usiodaiwa ndio pekee unaoweza kutolewa kwa hiari kwa ajili ya kufikiri. Mtu aliyepata siku tano za mwendo wa polepole, na katika siku hizo zote asifikiri hata mara moja juu ya mtu anayechoka mahali pengine ili yeye asichoke, ametumia mali ya thamani kwa bei ya majivu.

Basi jibu la swali lililoulizwa mwanzoni haliwezi kuwa ndiyo tupu wala siyo tupu. Starehe juu ya jasho la waliotangulia ni halali, na zaidi ya halali, ni utimizo wa haja yao. Lakini ni halali kwa namna mirathi ilivyo halali: kwa mrithi anayejua jina la marehemu, anayelipa madeni yake, na asiyejitajirisha kwa kumtia mtoto wa jirani katika shimo lile lile alimotoka babu yake. Kujua bila ya kulipa ni unafiki. Kulipa nyumbani na kuhamishia uchafu ugenini ni ujanja. Ama kukataa furaha kabisa kwa kuwa dunia imejaa makaburi, huko ni kuwafanya wafu kuwa wafungwa wa huzuni ya walio hai, nao hawakuiomba.

Mwisho wa njia ile uko Duisburg, pale Ruhr inapoingia katika Rhine. Pamesimamishwa nguzo bapa ya chuma, yenye rangi ya machungwa na urefu wa mita 25, nayo yaonekana kutoka mbali. Msafiri hushuka hapo, huegemeza baiskeli yake, na hutazama maji ya mto mdogo yakipotea katika mto mkubwa. Duisburg ina bandari iliyo miongoni mwa bandari kubwa za mtoni duniani, na matishari hupita mbele yake bila ya kukoma. Matishari ya namna hiyo yamekuwa yakipandisha Rhine kutoka pwani ya bahari, yakiwa na mizigo ya nchi za mbali, na makaa ya mawe yamo katika mizigo hiyo. Siku nne au tano msafiri ametazama bonde ambalo limepumzika. Hapo, kama ametoka katika safari yake na macho yaliyo wazi, atalitazama tishari na kujiuliza ni bonde gani, mahali gani, ambalo bado halijapumzika.